Boti Isiyokubali Kulala Kifudifudi

Mwenzangu wa zahanati ya Basotu alipohamishwa, aliniachia ndoo ya matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayopachikana. Watoto wake walikuwa wameshakua. Nilikusudia kuyaosha niyapeleke kliniki, wagonjwa wadogo wachezee wakisubiri zamu. Hayakufika haraka.

Jumamosi hiyo, yakiwa yanakauka uani, mume wangu alinionyesha video kwenye simu: boti ya kuokoa watu baharini inapigwa na wimbi, inapinduka chini juu, kisha inajigeuza yenyewe na kuendelea na safari. Tuliirudia mpaka bando likaisha.

"Inajuaje juu ni wapi?" aliuliza.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na yeye amekulia milimani Nambis, kwa hiyo alidhani ninajua. Sikujua. Nikavuta karai la kufulia, nikalijaza maji, tukaanza kupachika.

Boti ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho tu: nyembamba, nyekundu kwa bluu. Tulipoipindua ililala ubavu kama mbuzi aliyeshiba. Mume wangu akasema tumbo linahitaji uzito. Akaenda kwa wavuvi ziwani, akarudi na chubwi mbili, vile vipande vizito vya risasi vya kuzamishia nyavu, tukazibana chini kabisa. Safari hii boti ilizama moja kwa moja. Maji yalikuwa yanapita katikati ya matofali.

Hapo ndipo mchezo uliponishika kweli. Jumatatu, kazini, nilikuwa nikimchoma mtoto sindano huku nawaza: uzito uwe chini, sawa, lakini juu kuwe na nini? Nikatazama vichupa vitupu vya dawa ya kikohozi. Hewa! Hewa iliyofungwa juu itakataa kukaa chini ya maji, na chubwi zitakataa kukaa juu. Jioni tulipandisha kibanda cha boti, tukakijaza vichupa vyenye vifuniko. Niliipindua. Ikatulia kidogo, ikatikisika, halafu ikageuka. Tulipiga kelele hadi jirani akachungulia.

Mama mkwe alikuja kututembelea Jumapili baada ya ibada. Nilimpokea kwa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye karai.

"Hii ni nini?"

"Ni boti ya kuokoa watu baharini, mama," nilimjibu. "Hata ikipinduka, inajigeuza."

Aliipindua kwa kidole, akaitazama inainuka. Akarudia. Kisha akaitoa majini na kufungua paa.

"Na watu wataingia wapi?"

Tulitazamana na mume wangu. Kibanda kizima kilikuwa vichupa. Tulikuwa tumetengeneza boti inayojiokoa yenyewe.

Mama hakucheka. Alivuta kigoda, akaomba tuibomoe yote. Tuliongeza urefu, tukaweka vichupa mbele, nyuma na chini ya paa, tukaacha nafasi katikati. Yeye alichukua punje za maharage yaliyokuwa kwenye ungo yakisubiri kuchambuliwa, akazipanga ndani. "Hawa ndio watu," alisema.

Tulipoipindua ililala ubavu muda mrefu, hadi mume wangu akanyoosha mkono kuisaidia. Mama akamzuia: "Iache." Ikainuka polepole, imejaa maji hadi madirishani, ikaelea. Tulifungua paa. Maharage yalikuwa yamelowa, lakini yote yalikuwamo. Mama aliongeza mengine, na safari hiyo ikashindwa kuinuka. Akapunguza, akajaribu tena, bila haraka, mikono ya gauni lake la kanisani imelowa hadi kwenye viwiko.

"Hao wanaokwenda kuokoa," aliuliza mwishowe, "wake zao wanaambiwaje mlangoni wanapoagwa?"

Nilimwambia labda wanaambiwa boti itajigeuza. Akanitazama kama mtu ambaye hajaridhika, akachukua punje nyingine.