Nyanya Safi za Bwana Maabara

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bwana Maabara, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alifanya kazi kwenye maabara ya serikali, ile inayopima vyakula na kuwaambia wakubwa kipi kiruhusiwe na kipi kipigwe marufuku. Tangu siku alipokabidhiwa koti jeupe, mtu akapotea likabaki koti. Alikwenda nalo dukani. Alikwenda nalo hata kwenye posa ya mpwa wake, akainusa sahani mbele ya wakwe, akauliza mafuta yale yamekwisha kukaangiwa mara ngapi. Posa nusura ivunjike.

Si kwamba kazi hakuijua. Aliijua vizuri. Alisaga nyanya kwenye blenda, akachuja maji yake, akayatia kwenye vichupa, akailisha mashine, na mashine ikasema mna dawa ya wadudu kiasi gani. Mkono wake haukumwaga tone. Matatizo yalianzia mdomoni.

Mdomo huo ulipenda sana habari za bustani. Nyuma ya nyumba, kati ya choo na kamba ya nguo, alikuwa na matuta ya nyanya nyekundu zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, hazina hata tundu. Za majirani zilikuwa zimetobolewa ovyo. Zake, wala.

"Hebu tuambie siri," alisema fundi cherehani wa jirani.

"Nidhamu," akajibu Bwana Maabara. "Mimi dawa sitii hata tone. Mmea unajua unaishi na nani."

"Kwa hiyo wadudu wanakuogopa wewe?"

"Wanaheshimu sayansi."

Fundi cherehani aliinamia kitambaa chake akacheka mpaka uzi ukakatika. Mkewe Bwana Maabara, aliyekuwa akianua nguo, hakucheka. Alizidi kukunja tu, na shuka moja aliikunja mara mbili.

Sasa, upimaji una taratibu zake. Ukitaka kujua nyanya za sokoni zina dawa kiasi gani, shurti kwanza upime nyanya safi, isiyojua dawa. Chochote ambacho mashine itasoma kwenye hiyo safi, huhesabiwa kuwa ni kelele za mashine yenyewe, na hutolewa kwenye hesabu ya zile za sokoni. Zamani maabara ilikuwa na kishamba chake cha nyanya safi nyuma ya jengo. Mkurugenzi mpya alipokuja, akakitia zege, kikawa maegesho ya magari ya wakubwa. Basi ilipofika zamu ya kupima nyanya, wataalamu wakabaki wanatazamana kama watu waliosahau mtoto njiani.

"Nyanya safi zipo kwangu," akasema Bwana Maabara, na kifua kikampanda. Wakampigia makofi. Mkurugenzi akamshika bega. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, maana kuuliza kungemaanisha kutafuta kwingine.

Upimaji huo haukuwa wa mchezo. Kulikuwa na dawa moja kali ambayo mashamba makubwa yote yaliipenda, na kamati ya serikali ilitaka kuamua iendelee kuuzwa au ifutwe. Mdogo wake wa kike Bwana Maabara aliipulizia dawa hiyo kila siku kwenye shamba la nyanya nje ya mji, bomba mgongoni, kitambaa cha kichwa kikiwa ndiyo kinga ya pua. Mikono yake ilianza kutetemeka. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano, halafu hata kufunga kifungo ikawa shughuli. Msimamizi wa shamba alimwambia, "Serikali ikikataza, tutaacha. Isipokataza, pulizia au nenda kwenu." Kwenda kwao angekula nini? Kwa hiyo mikono ile yote miwili ilikuwa ikisubiri kamati. Lakini kamati haikuuliza habari za mikono. Iliuliza habari za nyanya tu, kwa sababu nyanya zinaliwa na wakubwa pia.

Jioni moja kabla ya kamati kukaa, Bwana Maabara alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alimkuta mdogo wake sebuleni, anakunywa chai kwa mikono miwili, kikombe hakijajaa hata nusu maana kikijaa kitamwagika.

"Majibu yametoka," akasema, akining'iniza koti. "Nyanya za sokoni ni safi kabisa! Hazipishani na za kwangu. Kesho kamati inapitisha, dawa inaendelea."

Kikombe kiligonga sahani yake. "Safi?" akauliza mdogo wake. "Kaka, zile ninazozipulizia mpaka zinachuruzika?"

"Mashine haina undugu na mtu."

Mkewe alitokea jikoni, mwiko mkononi. "Baba watoto, hebu rudia. Hazipishani na zipi?"

"Na zetu. Za hapo nyuma. Ndizo nyanya safi za serikali."

"Mimi nilijua zile unazobeba unawapelekea mabosi wakale!"

"Wale wapi? Tunazisaga, tunapima."

Mke na wifi walitazamana, wakatazama chini. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni, na hakuna aliyeupangusa.

"Unakumbuka wadudu walipozila zote," akasema mkewe, "ukalala na njaa unazililia kama umefiwa? Ulikwisha kutangaza mtaa mzima. Sasa ningefanyaje? Kila ukienda kazini, mimi napulizia."

"Unapulizia nini?"

"Dawa niliileta mimi, kaka," akasema mdogo wake kwa sauti ndogo. "Ya shambani. Nilimpa wifi kwenye chupa ya soda. Tulikuonea huruma."

Bwana Maabara aliketi kwenye kochi juu ya nguo zilizokunjwa. Mtu aliyenusa sahani za wakwe hakuwahi kunusa bustani yake! Dawa iliyokuwa kwenye nyanya zake ilikuwa imehesabiwa kuwa kelele za mashine, ikatolewa kwenye nyanya za mji mzima, zikatoka safi kama maji ya mvua. Na mikono ya mdogo wake iko pale mbele yake, inatetemeka juu ya sahani ya kikombe.

Asubuhi aliingia kwenye kamati koti limepigwa pasi. Kwanza alijaribu ujanja. Alisema mashine inasumbua. Mkurugenzi akasema mashine ni mpya, imetoka kukaguliwa. Akasema labda upepo ulipeperusha dawa. Mjumbe mmoja akauliza upepo gani huo unaochagua matuta. Kalamu zikawa tayari kutia saini.

"Zile nyanya za kwangu zilipuliziwa dawa," akasema.

"Na nani?" Mkurugenzi akauliza.

Hapo ndipo alipoonyesha ushujaa wake, kama ushujaa ndilo jina lake. Kusema ni mkewe kungemaanisha miaka yote hiyo hakujua kinachotendeka uani kwake. Heri aitwe mwongo kuliko aitwe mume wa namna hiyo.

"Na mimi," akasema. Kwa hiyo ukweli ule mkubwa aliufikisha kwa uongo, na maringo yake, yaliyoharibu kazi yote, ndiyo yaliyoiokoa.

Kamati ikaamuru upimaji urudiwe. Na nyanya safi? Wakubwa wote wakadai wanazo, bustani zao hazijui dawa, waulizwe wake zao. Wakaleta vikapu. Mashine ikavisoma kimoja baada ya kingine, vyote vina dawa, na sura zikaanza kuinama pamoja na shahada zao. Mwishowe mfagizi akawaambia wakome kuhangaika: kwenye ufa wa zege, nyuma ya gari la Mkurugenzi, umejiotea mche wa nyanya ambao hakuna aliyewahi kuujali. Matunda yake yalikuwa na makunyanzi na matundu. Yakapimwa, yakawa safi. Nyanya za sokoni zilipolinganishwa nayo, mashine ilipandisha mistari mpaka karatasi ikawa fupi.

Dawa ikafutwa. Mkurugenzi alizungumza redioni kuhusu umakini wa taasisi yake. Bwana Maabara aliondolewa kwenye mashine akapelekwa kuosha vichupa, kazi isiyohitaji koti. Shambani kule mabomba yalisimamishwa, na mdogo wake akahamishiwa kwenye kupanga nyanya kwenye makreti. Mikono haijatulia, ila kifungo anafunga mwenyewe.

Bustani imebaki, na wadudu wamerudi kwa shangwe.

"Vipi, jirani?" fundi cherehani aliuliza juu ya ukuta. "Nidhamu imekwisha?"

Bwana Maabara alichuma nyanya moja yenye tundu, akaingia nayo ndani, akakata pembeni palipoharibika, akamwekea mdogo wake kwenye sahani.

"Kula. Imepimwa hiyo."

"Na mashine?"

"Na funza," akasema. "Alikuwa ndani, mzima, amenona."