Seva Mbili na Mfongo wa Baba

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinapanda mlimani, na mtu aliyetaka mtandao alilazimika kwenda kusimama kwenye kona moja ya shamba la kahawa, mkono juu, shingo imepinda. Miaka hiyo ndipo nilipoacha kazi Dar es Salaam nikarudi nyumbani. Baba alikuwa amepata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, na maneno yalikuwa yakimtoka vipandevipande. Mama alikuwa ametangulia zamani, ndugu zangu walikuwa wametawanyika na familia zao, na mimi ndiye niliyekuwa sina mume wala mtoto wa kumsingizia. Nikafunga mizigo.

Nilipata kazi katika hospitali ya misheni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Wafadhili walikuwa wameiletea kompyuta, na mganga mkuu, mtu mrefu mwenye subira fupi, alihitaji mtu wa kuzitunza. Mapokezi, maabara na dirisha la dawa vyote vilikuwa vikisoma kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwenye seva moja, iliyowekwa katika kichumba kilichokuwa zamani cha kuhifadhia mashuka. Kazi nyingine ya aina yangu haikuwepo mlima mzima, au kama ilikuwepo mimi sikuisikia. Hii ikiniponyoka, ningerudi Dar, na baba angebaki na msichana wa kazi. Nililikumbuka hilo kila asubuhi nilipokuwa nafunga kamba za viatu.

Seva yenyewe ilikuwa na ugonjwa wa kuzimika ghafla. Nilibadilisha feni, nikaipuliza vumbi, nikaisemesha kwa upole na baadaye kwa matusi, haikusikia. Kipuri chake kilikuwa kimeagizwa na haijulikani kingefika lini. Mwishowe hospitali ikanunua seva ya pili, iliyokwisha kutumika, kutoka Nairobi. Iliingilia mpakani Tarakea imezungushiwa godoro juu ya lori la mizigo mchanganyiko, na ilipofika ilikuwa inanuka vitunguu. Niliipenda palepale.

Nikaziweka mbili zile ubavu kwa ubavu. Kila kilichoandikwa kwenye ya kwanza kilinakiliwa kwenye ya pili. Kati yao nikapitisha waya mfupi wenye kazi moja tu: seva ya pili iulize kila mara, "Upo?" na ya kwanza ijibu, "Nipo." Jibu lisipokuja mara kadhaa mfululizo, ya pili ijue mwenzake amekata kauli, ichukue namba yake kwenye mtandao na kuendelea na kazi. Nilimweleza mganga mkuu kwamba wagonjwa hawatajua hata kama kuna kilichotokea. Nililisema hilo nimevimba kichwa kidogo.

Siku ya kliniki ya watoto, seva ya kwanza ikazimika. Nilikuwa nimesimama kichumbani, nikaona taa za ya pili zinachangamka, nikaona kwa macho yangu imechukua namba na iko tayari. Nikatabasamu peke yangu. Kisha nikasikia sauti ya binti wa mapokezi, mtoto wa mtaani Shirimatunda asiyejua kunong'ona.

"Dada, hii ya pili yako nayo imelala?"

Nilitoka mbio. Kioo cha kompyuta ya mapokezi kilikuwa kimeganda, cha maabara kimeganda, cha dawa kimeganda. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi hadi kwenye ngazi, watoto wanalia. Nikarudi kichumbani: seva ya pili haina tatizo, imekaa inasubiri kuombwa kazi. Nikarudi mapokezi: kimya. Ulipita muda wa mtu kunywa chai na kuosha kikombe, halafu kompyuta zote zikazinduka kana kwamba hakuna lililokuwa. Mganga mkuu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono nyuma.

Mimi nikang'ang'ania ninachojua, ingawa macho yangu yalikuwa yameona kingine: seva ya pili inachelewa kugundua. Nikaifupishia muda wa kusubiri. Matokeo yake, kliniki iliyofuata, seva ya kwanza ilikuwa hai kabisa, ila imeelemewa na kazi, ikachelewa kidogo kujibu. Ya pili ikasema huyu amekufa, ikachukua namba. Sasa nyumba ikawa na wakubwa wawili. Maabara inaandika huku, dirisha la dawa linaandika kule, na mimi nikashinda mchana mzima napatanisha majibu ya mkojo na majina ya watu. Niliurudisha ule muda ulivyokuwa kabla sijanyanyuka kwenye kiti.

Mganga mkuu aliniita ofisini jioni hiyo.

"Jumatatu ni kliniki ya sukari na presha," alisema. "Wazee wale siwezi kuwakalisha. Ikikwama tena, narudisha kadi za karatasi, na hizo mashine zako zinaingia stoo."

Hakusema na mimi naingia wapi.

Nilishuka nyumbani nimenuna. Nilipofika getini nikakuta benchi la mbele ya nyumba limejaa, kama kila jioni. Hapo inabidi nieleze habari za mfongo. Mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka mtoni juu hadi kwenye vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na maji yake hulala kwenye bwawa dogo tunaloita nduwa, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Baba alikuwa mkuu wa mfongo wetu tangu mimi sijaota meno. Yeye ndiye aliyekuwa na pembe ya kuitia watu kazi ya kuuzibua, na yeye ndiye aliyepanga nani afungue maji kesho. Mwenye haja alikuja jioni, akaamkia, akakaa, akapewa zamu.

Baada ya kiharusi, baba mdogo alichukua kazi hiyo siku ileile. Alikuwa anakaa mbali kidogo na kwetu, upande wa pili wa korongo. Alipanda hadi kwenye chanzo kila alfajiri, akaziba, akafungua, akazibua. Alijua zamu zote. Kilichomshangaza ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwomba. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye nduwa na kurudi mtoni, na bustani za watu zilikuwa zinakauka, kwa sababu watu walikuwa wanaendelea kuja kwetu. Walikaa kwenye benchi, wakamwamkia baba, wakanywa chai, wakasubiri. Baba alijaribu kusema, mdomo ukamgomea, akatikisa kichwa. Wakaaga, wakaondoka bila maji, na kesho yake wakarudi.

Jioni hiyo alikuwepo jirani yetu mmoja, mama mjane aliyekuwa na vitalu vya kabichi. Nilijua kwamba vitalu vile vilikuwa vimeanza kunyauka. Kwa hasira niliyotoka nayo kazini nikamvuta pembeni.

"Mama, shikamoo. Hivi kwa nini usiende kwa baba mdogo? Maji anayo yeye. Unakaa hapa kufanya nini?"

"Marahaba." Alinitazama kama mtoto aliyetukana. "Niende kwa mdogo mtu na mkubwa yupo? Nani kaniambia? Si nitaonekana namzika Meku, mzee wetu, akiwa hai?"

"Lakini unajua hawezi."

"Kujua najua. Kuambiwa sijaambiwa."

Hapohapo kichwa changu kilikuwa kimeshakimbilia kwenye kichumba cha mashuka. Kila kompyuta kwenye mtandao ina namba ambayo wenzake wanaiita. Lakini ujumbe haufiki kwa namba peke yake. Unafuata kadi ya mtandao iliyochomekwa ndani ya mashine, na kila kadi ina alama yake ya kiwandani isiyofanana na ya nyingine. Kompyuta ya mapokezi ikishauliza mara moja namba fulani iko kwenye kadi gani, inalikariri jibu na kuendelea nalo muda mrefu bila kuuliza tena. Seva yangu ya pili ilikuwa imechukua namba, lakini kadi yake ilikuwa nyingine, na hakuna aliyekuwa ameambiwa. Mapokezi, maabara na dawa walikuwa wamekaa kwenye benchi la marehemu wanasubiri kuitwa, hadi kumbukumbu ile ya zamani ilipowatoka yenyewe ndipo wakauliza upya.

Nilicheka, yule mama akadhani namcheka yeye. Ilibidi nimwombe radhi na kumpa ndizi za kupeleka nyumbani.

Jumapili mchana, baada ya ibada, nilikwenda hospitalini. Kilichohitajika kilikuwa kidogo kuliko aibu niliyokwisha kuipata. Niliongeza amri moja: seva ya pili ikishachukua namba, isikae kusubiri kuulizwa. Itangaze kwa wote waliomo kwenye mtandao, namba hii sasa iko kwangu, na irudie mara kadhaa, maana siku zote kuna asiyesikia la kwanza. Nikajaribu mara moja, nikajaribu tena, kisha nikafunga mlango na kurudi nyumbani kabla sijajitia wasiwasi.

Jumatatu wazee wa sukari na presha walijaa mapema. Nilimwomba mganga mkuu aje mapokezi, halafu nikaacha mlango wa kichumba wazi ili anione, nikashika waya wa umeme wa seva ya kwanza.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Naiua, daktari."

Nikachomoa. Binti wa mapokezi alikuwa katikati ya jina la mzee mmoja. Mikono yake ilisimama kidogo, kama mtu anayekumbuka herufi, kisha ikaendelea. Akachapa kadi, akaita anayefuata, ndipo akatuona tumemkodolea macho.

"Kuna nini?" aliuliza.

Mganga mkuu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaenda zake kuona wagonjwa. Mchana alinitumia kikombe cha chai kichumbani, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba. Kazi ikabaki yangu.

Jioni nilimsimulia baba. Nilikuwa na furaha isiyo na mahali pa kukaa, nikamweleza yote, na benchi, na mama wa kabichi. Alisikiliza, jicho moja limefumba. Maneno yake wakati ule ilikuwa lazima uyangoje, na mimi nilikuwa nimejifunza kungoja.

"Ile ya zamani," alisema, "yenyewe haikutangaza?"

"Haiwezi, baba. Imezimika. Mpya ndiyo inatangaza."

Akaigeuza fimbo yake kwa mkono mzima.

"Kwa mashine sawa," alisema. "Kwa mtu, mpya akitangaza ni kama amenyang'anya. Ni wa zamani ndiye aseme."

Sikuwa nimemwomba. Naapa sikuwa nimelisimulia kwa ajili hiyo, na nilipoelewa anachotaka kufanya nilijisikia vibaya. Lakini Jumapili iliyofuata aliniambia nimvalishe koti. Tulitembea polepole, fimbo mkono wa kushoto, bega lake la kulia kwangu. Mzee wa kanisa alipomaliza matangazo ya ndoa na ya kazi za wiki, baba alisimama pale alipokuwa.

"Maji," alisema. Tukangoja. "Maji yako kwa mdogo wangu. Msije kwangu tena."

Akatoa pembe ndani ya koti, ikapita mkono kwa mkono hadi benchi alilokaa baba mdogo. Baba mdogo aliipokea ameinama na hakuinua uso hadi sala ya mwisho. Tulipotoka nje, mnada wa sadaka ukaanza kama kawaida, watu wakagombea mkungu wa ndizi na mayai, na wengi walikuja kumpa baba mkono. Mama wa kabichi alilia waziwazi.

Walimsikia. Jioni hiyohiyo hakuja mtu. Wala kesho yake, wala wiki nzima. Maji yakafika kwenye vitalu, nduwa ikaacha kumwagika, na baba mdogo akawa na wageni hadi sufuria ya chai ikawa haitoshi. Hakuna aliyekosea, walifanya walivyoambiwa. Baba aliendelea kutolewa nje na kukalishwa kwenye benchi kila jioni, koti limefungwa vifungo vyote, akitazama geti. Msichana wa kazi alikuwa bado anapanga vikombe vingi, na baba hakumkataza.

Hospitalini, kipuri cha seva ya kwanza kilifika hatimaye. Niliitengeneza, nikairudisha mahali pake, ila safari hii yenyewe ndiyo ikawa ya kusubiri. Wagonjwa hawakuwa na habari nayo. Haikuwa inaombwa kitu na mtu. Kilichobaki ni ule waya mfupi tu, na mwenzake upande wa pili.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta baba peke yake kwenye benchi, uso umeelekea geti, na nikaona jinsi alivyonyanyuka kidogo aliposikia nyayo, kisha akalegea alipoona ni mimi. Liliniuma vibaya sana. Nilimwamkia, na badala ya kupitiliza jikoni nikasimama mbele yake.

"Baba, upo?"

Alinishangaa. Alikuwa anakumbuka hadithi ya waya. Hakuwa mtu wa kusahau.

"Nipo," alisema.

Ikawa desturi yetu. Kila jioni nikifika getini nilimuuliza kabla ya kuweka mkoba chini, naye alijibu, siku nyingine kwa kicheko, siku nyingine kwa kunikemea, kwani anaonekana hayupo? Msichana wa kazi alituona wendawazimu. Nami nilikuwa nahesabu hiyo ni kazi yangu mimi kwake, mzima kumjulia hali mgonjwa.

Halafu ikaja jioni moja ya mvua. Nilikuwa nimechelewa, barabara imekuwa tope, nikaingia getini na viatu mkononi. Alikuwa ameketi kibarazani, hakukubali kuingizwa ndani. Kabla sijafungua mdomo, nikamsikia.

"Mwanangu," alisema, na neno la pili likachelewa, nikalingoja. "Upo?"

"Nipo, baba," nilimjibu.