Makalio Chini

Tuelewane mapema: mtu akiniambia "pole" kwa sababu ya mguu wangu, namuuliza, "Ya nini?" Atababaika, ataangalia pembeni, na mimi nitamkazia macho mpaka anijibu. Bodaboda iliniangusha nikitoka Bunda kurudi nyumbani Butiama, nikiwa kidato cha tatu, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Pole za siku zile nilizipokea zote, tena kwa shukrani. Hizi za leo zimeshachacha.

Baba yangu hakuwa mtu wa pole. Aliuza dume lake, lile ambalo majirani walikuwa wanapitia zizini kulitazama tu, akaninunulia mguu wa bandia. Siku niliyouvaa alinisimamisha uani, akanizunguka mara mbili, akasema, "Mwanangu amesimama. Basi." Nyumbani kwake mdogo hasalimii mkubwa akiwa amekaa. Mkubwa akiingia unanyanyuka kwanza, ndipo unatoa shikamoo yako. Alinifundisha hilo kwa fimbo nikiwa na miguu miwili, na nilipobaki na mmoja hakunipunguzia chochote. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

Sasa mtu wa namna hiyo akasikia binti yake anacheza voliboli ya kukaa.

"Nimeuza dume ili usimame," alisema, "halafu wewe unaenda kukaa chini mbele za watu? Wanaokaaga chini hadharani nawajua mimi. Wako stendi, na kopo mbele."

"Baba, mimi sina kopo. Nina mpira."

"Siku utakayosimama kucheza, niite."

Nilirudi Musoma kwa mama mdogo niliyekuwa naishi naye, anayeuza dagaa soko la Mwigobero, nikiwa nimevimba kwa hasira. Kila Jumamosi nilikwenda Bunda, ambako timu yetu ilifanya mazoezi katika ghala la pamba lililobaki tupu. Mguu wa bandia unauvua, unauegemeza ukutani karibu na viatu, halafu unashuka sakafuni. Wavu ni wa chini, unamfika mtu aliyesimama kiunoni. Unatembea kwa mikono, unajiburuta mbele na nyuma, na vumbi la pamba linakuganda kwenye jasho. Suruali zangu zilitoboka nyuma kila mwezi, na mama mdogo alizishona huku ananitania kwamba zinakula viraka kuliko magunia yake.

Sheria kubwa ni moja: unapogusa mpira, makalio yawe yamegusa sakafu. Ukiyainua umekosa, pointi inakwenda ng'ambo. Kocha wetu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alionaga aibu kulitamka neno hilo mbele ya mabinti. Yeye alikuwa anaita, "Ardhi! Ardhi!" Mgeni angedhani tunagombania shamba. Sisi wenyewe tulipiga kelele bila haya, "Makalio chini!"

Yangu sasa, hayakutulia. Nina mkono mzito, nikiupiga mpira ghala zima linasikia. Lakini nikikasirika nainuka, na kukasirika ndiyo kazi yangu. Alipokuja Musoma mama mmoja kuchagua wachezaji wa timu ya taifa, alitutazama asubuhi moja tu, akaniita kando.

"Binti, mkono unao," alisema. "Kalio huna. Mechi ya mchana ukiinuka mara moja nitakusamehe. Mara ya pili nakuacha."

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka mitatu. Nilikwenda bombani nikanawa uso, nikarudi.

Mechi ilichezwa palepale Musoma, kwenye bwalo la shule, sisi wenyewe tukiwa tumegawanywa timu mbili. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama mdogo alishampigia baba simu. "Shemeji, njoo," alimwambia, "mwanao leo anasimama mbele ya watu wa taifa." Mama mdogo huyo ana maneno yake!

Tulifika seti ya mwisho tukiwa sawa. Mpira ulikuwa unanijia juu ya wavu, mzuri kabisa, wa kuua, na mlangoni ikaingia kofia ninayoijua, na fimbo, na koti la kanisani. Macho yetu yakakutana. Haki ya Mungu sikuamua mimi. Mkono mmoja ulisukuma sakafu, mguu ukakanyaga, mwili mzima ukanyanyuka kumpokea baba, na mkono wa pili ukaupiga mpira.

Filimbi ikalia. Yule mama akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Kosa lake nini?" baba aliuliza kwa sauti.

Kocha alijikuna kichwa. "Mzee, ameacha… ameacha ardhi."

"Amenyanyuka kunisalimia mimi, baba yake!"

"Ndilo kosa lenyewe, mzee."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuja mpaka nyuma ya mstari, hatua mbili kutoka nilipokuwa, akasimama, mikono yote miwili juu ya fimbo. Kusimama kule nakujua tangu utotoni. Alikuwa anasubiri shikamoo yake, na bwalo zima lilikuwa linatazama kama nina adabu.

Nikampa mgongo.

Sijawahi kufanya jambo zito kuliko hilo. Nilikuwa nalia, sifichi, machozi yananiingia mdomoni, na moyoni nasema, simama utakavyo, baba, leo sinyanyuki. Nilikandamiza makalio sakafuni kama niliyekalia kifuniko cha sufuria inayochemka. Mpira wa kwanza nikaupiga nikiwa chini. Wa pili ukazuiwa, ukarudi, nikaupiga tena kwa hasira zote za kopo na stendi, na sikuinuka hata upana wa kidole. Wenzangu walianza kuniimbia, "Makalio chini! Makalio chini!" Nilisikia hata kocha, mzee wa kanisa, analitamka neno lote bila kumumunya. Mpira wa mwisho niliupiga ukaanguka kwenye kona, na hakuna aliyeufuata.

Yule mama alikuja, akainama. "Kalio limepatikana," alisema, akaandika jina langu.

Nilitaka kufurahi, lakini baba alikuwa bado amesimama palepale. Nikajiburuta kuelekea ukutani niuvae mguu wangu, nisimame nimsalimie, nimwombe radhi.

"Uache," alisema.

Akampa kocha fimbo. Akavua kofia. Halafu baba yangu, na koti lake la kanisani, akashuka kidogo kidogo, goti kwanza, kisha mkono, huku anaguna, mpaka akakaa sakafuni mbele yangu, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Haya," alisema. "Sasa nisalimie."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akapapasa sakafu pembeni yake. "Kumbe mnakaaga kwenye baridi hivi?"

Tukakaa hapo kidogo. Alipotaka kuinuka magoti yalikataa. Alijaribu mara mbili, ikashindikana. Watu wakakimbilia kumshika makwapa, huyu na yule, wote kwa pamoja, "Pole mzee, pole sana, pole."

Baba akawakazia macho.

"Ya nini?" akauliza.