Warumi Wangejenga Huku Juu

Wacha niseme mapema: bado nina hasira.

Miaka hiyo niliwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, kazi ya mtandaoni iliyolisha nusu ya wapangaji wa ploti yetu pale Kitengela. Wiki moja nikaletewa swali: kwa nini jeshi la Kirumi la kale lilithamini sana ardhi ya juu vitani? Sikujua lolote. Nikasoma mpaka nikapenda. Mkuki ukirushwa kutoka juu unaenda mbali na unachoma kwa nguvu, na adui anayepanda anakufikia akihema. Hata kambi ya usiku mmoja waliipima penye mteremko kidogo ili maji yaende zake, wala hawakukubali kulala chini ya kilima ambacho mwingine angekikalia.

Nilimweleza mume wangu hayo yote tukila githeri, kwa sababu wakati uleule tulikuwa tumepata nusu ekari upande wa kuelekea Kajiado na tulikuwa tunabishana nyumba ikae wapi. Shamba lina mteremko. Juu ni mawe na miti ya miiba, chini ni nyasi, kijani hata kiangazi.

Sasa, mume wangu amekulia Ukambani, mahali mtoto hutumwa maji asubuhi akarudi mchana. Mtu wa huko akiona nyasi kijani mwezi wa pili, akili yake inaishia hapo. Alisimama kwenye nyasi zile akavua kofia, ungedhani yuko kanisani.

"Hapa," akasema. "Mungu ametuonyesha."

"Hapa ndipo mafuriko yatatukuta, baba watoto. Warumi wangejenga huku juu."

"Na hao Warumi wako huko juu wangekunywa nini?"

Hapo alinishika, na nilijiletea mwenyewe. Nilikuwa nimemsimulia jinsi Warumi walivyowashinda watu waliojifungia juu ya kilima: hawakupanda kupigana, walizuia tu njia ya chemchemi wakangoja kiu ifanye kazi. Basi kuanzia hapo kila nikifungua mdomo ananirudishia chemchemi. Akawaambia ndugu zake, akamwambia fundi. Kanisani wakaanza kuniita Jenerali, na mimi nacheka nao huku natamani kumrushia mtu kiti.

Insha yenyewe ilisifiwa. Mwanafunzi aliandika kwamba mwalimu wake alifurahia sana hoja zangu. Jameni! Mwalimu wa ng'ambo asiyejua hata sura yangu nilimshawishi, na mwanamume tunayelala naye kitanda kimoja akanishinda.

Nyumba ikajengwa chini. Kila kitu tulichokuwa nacho kiliingia kwenye kuta zile, na hatukuwa na pengine pa kwenda. Huko juu, mahali ambapo jemadari angeweka hema lake, tukachimba choo. Ati kiwe mbali, harufu isitufikie. Nilisema. Nikasema tena. Mwishowe nikanyamaza, kwa sababu mtu huchoka.

Mvua ya masika ikaja alasiri moja tukiwa sote nyumbani. Udongo mweusi wa huku ukishashiba haumezi tena, maji yanatembea tu juu yake. Yalishuka kutoka kwenye mawe, yakapita chooni, yakachukua yaliyokuwamo, yakaja moja kwa moja mpaka mlangoni kama mgeni aliyeelekezwa vizuri. Tukawabeba watoto mgongoni tukapanda. Tulisimama kando ya choo, juu ya mawe ambako maji hayakutufikia, tukaangalia godoro letu likitoka kwa mlango polepole. Kisha ukuta wa jikoni ukapasuka kutoka chini hadi dirishani, na paa la upande ule likainama.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyatunza tangu msingi ulipochimbwa, na nilijua nitaanzia wapi. Mume wangu akanigeukia, maji yakimtiririka usoni, na maumivu aliyokuwa nayo hayakuwa ya kuigiza.

"Sasa, mama watoto," akasema, "kama ulijua itakuwa hivi, si ungesisitiza?"

Nilifungua mdomo nianze pale nilipopanga. Nikaangua kilio mbele ya watoto, kilio cha sauti, na yeye akanikumbatia akidhani nalilia nyumba.