Mama Kamba na Mashine Isiyosikika

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Ukungu mwepesi umelala juu ya mto, na mwanamke mwenye viganja vipana anainama nyuma ya boti lake. Anashika kamba ya kuwashia injini, anaivuta mara moja, na injini inawaka.

Muuza mayai, abiria wake wa kila siku, alikwisha kufungua kinywa. "Mo..." anasema, kisha anakifunga. Anapakata trei zake, kama mtu aliyenyimwa zamu yake ya kuimba.

Kwa miaka tisa abiria wa boti hili walikuwa wakihesabu kwa sauti kila mara kamba ilipovutwa. Moja, mbili, tatu, nne. Rekodi ni thelathini na moja, iliyowekwa siku ya mvua, na waliokuwepo bado wanaisimulia. Ndiyo maana mwendesha boti huyu, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka arobaini na sita, hajulikani mtoni kwa jina lingine ila Mama Kamba.

"Walikuwa wananihesabia kama niko mnadani," anasema huku akicheka. "Nikifika kumi na tano, kuna mtu lazima aseme, 'Mama, sema bismillahi kwanza.' Na mimi nilishasema tangu ya kwanza!"

Kazi yake ni kushuka na mto kila asubuhi, kupitia magati matatu madogo ya mbao, na kuwafikisha wanafunzi kumi na tisa shuleni kabla ya saa moja na nusu. Wachuuzi nao wanajaza nafasi zilizobaki. Kwa siku hubeba watu wapatao arobaini, kwenda na kurudi. Lakini nguzo ya nyumba yake ni hao kumi na tisa, maana kamati ya wazazi humlipa kwa muhula, na malipo hayo ni nusu ya pato lake lote.

Muhula uliopita nguzo hiyo ilitikisika. Injini yake kuukuu, iliyokuwa imekula chumvi nyingi kuliko baadhi ya abiria, ilizima katikati ya mto mara nne. Mara ya nne watoto waliingia darasani kipindi cha pili kikiisha, wamelowa hadi magotini. Mwalimu mkuu, mama asiyepandisha sauti hata akikasirika, alimwita ofisini.

"Aliniambia, 'Mama Kamba, likizo hii utafute dawa. Muhula ujao watoto wakichelewa kwa sababu yako, kamati itatafuta boti lingine,'" anakumbuka. "Ningefurahi angenifokea. Yeye alinikaribisha chai."

Hata hivyo, kuachana na mashine ile hakukuwa kwepesi. Alijua magonjwa yake yote, alijua hata pa kuipiga kofi ikikohoa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ndivyo alivyomjibu fundi wake wa injini kila aliposhauriwa kubadilisha. Siku moja fundi alifuta mikono, akamtazama na kumwambia, "La kuvunda halina ubani, mama yangu. Tutafute nyingine."

Mpya haikuwa ya kufikirika, kwani bei yake ni mara nne ya iliyotumika. Hata hiyo iliyotumika ilimeza akiba yake ya miezi kumi na minne, na bado haikutosha. Pengo hilo lilizibwa na mumewe, fundi cherehani asiyejua kuogelea, ambaye akipanda boti la mkewe hufumba macho mpaka ng'ambo. Aliuza cherehani yake ya pili, ile ya kudarizi.

"Mke nina mmoja, cherehani mbili za nini?" anasema mume huyo kibarazani, bila kuinua macho kutoka kwenye kola anayoishona. Mkewe anamtupia kipande cha kitambaa. Anakidaka.

Injini ilipatikana kwa mvuvi mmoja aliyekuwa akihamia mashine kubwa zaidi. Fundi wa injini alikwenda na Mama Kamba kuikagua, na siku hiyo, anasema, alielewa kwa nini watu humlipa fundi huyo. Kabla ya salamu kwisha, fundi alikuwa ameshaweka kiganja juu ya injini.

"Anahakikisha ni baridi," anaeleza. "Muuzaji mjanja huiwasha alfajiri, ukifika inawaka kwa mvuto mmoja, unaona umepata. Ikiwa ya moto, geuza urudi kwenu."

Ilikuwa baridi. Wakaitia mguu kwenye pipa la maji na kuiwasha. Fundi akachuchumaa kutazama uzi wa maji unaotoka ubavuni, kwani mashine isiyokojoa vizuri huchemka na kufa. Hii ilikojoa sawasawa. Akafungua skrubu ya chini, akapaka oili ya gia kidoleni. Ingekuwa nyeupe kama maziwa, maji yangekuwa yameingia ndani. Ilikuwa safi. Akachomoa plagi, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwisho akapima urefu wa mguu kwa kamba yenye fundo, ili propela isije ikaburuta matope.

Kila kitu kilipimwa, isipokuwa kimoja.

Siku ya kuifunga, fundi aliongeza ubao mpya nyuma ya boti, akakaza vibano, kisha kwa mapenzi yake tu akabadilisha gasketi inayoziba maungio ya njia ya moshi. Mashine ikawa inanong'ona. "Msikilize bibi harusi," alisema kwa majivuno. Mama Kamba alizunguka nayo mto mzima. Ilikunywa lita kumi na mbili safari ambayo ile ya zamani ilikunywa ishirini. Anakiri kwamba alilia kidogo, kwa furaha, pale ambapo hakuna aliyemwona.

Alirudi nyumbani akakuta hakuna chai. Mama mkwe wake, ajuza mkali wa maneno na mwepesi wa kucheka, alikuwa bado akichambua mchele.

"Umeingia kama mwizi, wewe!" alimkemea. "Mimi huweka maji jikoni nikikusikia pale kwenye kona. Leo sikusikia kitu."

"Nilicheka," anasema Mama Kamba. "Nikamwambia, 'Mama, ndiyo raha yenyewe hiyo.' Ningetumia akili, ningemsikiliza mkwe wangu."

Jumatatu muhula ulipofunguliwa, alitoka kwa wakati. Gati la kwanza, watoto wawili kati ya sita. Gati la pili, hakuna mtu. Alisubiri, akaita, akatazama saa. Akisubiri zaidi, hata wale wawili wangechelewa. Akaondoka. Alipogeuka nyuma aliwaona watoto wanashuka mbio kilimani, mabegi yanawapiga mgongoni, mmoja ameshika kiatu mkononi.

Mto huu una kona nyingi. Aliyesimama gatini halioni boti mpaka limefika. Kwa miaka tisa hakuna mama aliyetazama saa. Wote walisubiri ngurumo na kikohozi cha mashine ile kutoka kona ya juu, ndipo wakafunga vifungo vya mashati, wakafuta midomo, wakawatoa watoto mlangoni. Ile kelele iliyomtia aibu ndiyo iliyokuwa kengele ya mto mzima.

Gati la tatu walipanda sita. Watoto kumi na mmoja walikosa shule siku hiyo. "Niliumia," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Tumeuza cherehani ya mume wangu ili nisiwacheleweshe watoto, halafu nawaacha gatini kabisa."

Mwalimu mkuu alimpa mpaka Ijumaa. Akapita nyumba kwa nyumba akitaja saa, lakini mazoea yana taabu, na Jumanne bado wanne waliachwa. Jumatano akanunua filimbi. Upepo ukaimeza, na kuendesha huku unapuliza kukamfanya awe, kwa maneno ya muuza mayai, "kama refa aliyezama."

Jioni hiyo fundi alikuja kuchukua ile mashine ya zamani, waliyokubaliana aikate vipuri kama sehemu ya ujira wake. Alifungua propela. Ikamteleza, ikaangukia ngazi ya saruji.

Ngaa!

Kuku wakatawanyika. Mume akajichoma sindano. Jikoni, mama mkwe akatoa kichwa mlangoni, akaitazama propela, akamtazama fundi.

"Hicho," alisema, "usimpe mtu."

Alhamisi alfajiri propela ilikuwa inaning'inia kwenye fremu ya chuma ubavuni mwa boti, na kando yake spana namba kumi na tisa iliyofungwa kwa kamba. Pigo moja kwa gati la kwanza, mawili kwa la pili, matatu kwa la tatu. Mashine ilikuwa kimya kiasi cha kuiacha sauti ifike mpaka vilimani. Siku hiyo watoto wote kumi na tisa walipanda, na saa moja na dakika kumi walikuwa uwanjani wakikimbizana. Mwalimu mkuu alimkaribisha chai tena. Safari hii aliinywa.

Hii ni wiki ya saba. Hakuna mtoto aliyeachwa. Mama mkwe anadai pigo la kwake pia, ili ajue saa ya kuweka maji, na amepewa. Mumewe sasa anafumbua macho, angalau jicho moja. Kwa pesa za mafuta anayookoa, Mama Kamba anamwekea akiba ya cherehani nyingine.

Leo, baada ya kuwashusha wanafunzi, anarudi, analipita gati la nyumbani kwake, na anaendelea kupanda na mto. Huko juu hajawahi kufanya safari. Mashine ya zamani isingethubutu kupambana na mkondo wake. Amesikia kuna watoto sita wanaotembea saa nzima na nusu kwenda shule.

Kwenye kona anapunguza mwendo, anachukua spana, na kupiga mara nne.

Kimya. Anapiga tena nne. Ukingoni, kati ya wanawake wanaofua nguo, mmoja anasimama, povu likimtiririka viwikoni.

"Unamwita nani, dada?"

"Watoto wenu!" anajibu Mama Kamba. "Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkisikia nne, wavisheni viatu."