Mgeni wa Tunduma Mwenye Nukta ya Kijani

Kazi ile niliikubali kwa sababu ya kiti. Nilikuwa nimesimama sokoni Tunduma tangu biashara ilipopewa ruksa miaka ya themanini, nikiuza vitenge nilivyovusha kutoka upande wa Zambia, na magoti yalikuwa yamenigomea. Nilipoambiwa kuna tajiri anatafuta mwanamke mtu mzima anayejua Kiswahili, Kibemba na Kiingereza cha kuombea maji, akae kwenye kompyuta kutwa nzima, sikuuliza kazi yenyewe ni nini. Niliuliza kama kiti kina mgongo.

Lilikuwa duka lisilo na mlango. Vitu vyenyewe vilikuwa ghalani Dar es Salaam, na picha zake zilikuwa mtandaoni: magongo, viti vya magurudumu, vifaa vya masikio, miguu ya bandia, kila kitu anachohitaji mtu ambaye mwili umempunguzia kazi. Tajiri alitaka wateja wa Zambia na Kongo, ndiyo maana akapanga chumba huku kwetu, ghorofani, juu ya duka la spea za malori. Dirisha langu liliangalia foleni ya malori ya kwenda mpakani. Ilikuwa miaka miwili mitatu kabla hatujakatwa kutoka Mkoa wa Mbeya tukawa na mkoa wetu, na mtandao ulikuwa wa kusuasua.

Binti mmoja alitumwa kutoka Dar kunifundisha. Alinionyesha orodha kwenye kioo cha kompyuta. Kila mtu aliyefungua duka letu, popote alipo, alitokea pale kama mstari mmoja wenye nukta ya kijani: mgeni, mji aliopo, picha anayoitazama, dakika alizokaa, na amerudi mara ya ngapi. Jina halikuwapo. Nikamuuliza, "Na wao wanajua kwamba tunawaona?" Akacheka. Akasema imeandikwa kwenye masharti ya duka, na wapo walioyasoma, ila yeye hajawahi kukutana na hata mmoja.

Nikakaa. Mchana kutwa nikawa natazama watu wasionijua wakitazama shida zao. Mtu wa Kitwe anaangalia gongo. Mtu wa Mbeya anaangalia kiti cha magurudumu cha mtoto, anatoka, anarudi, anatoka. Wa Lubumbashi amesimama kwenye mguu wa bandia dakika arobaini. Nilidhani kazi ya kukaa haichoshi. Kumbe inachosha kuliko vitenge, maana kitenge ukikikunja jioni kimekunjwa, lakini yule mtu wa mguu nilirudi naye nyumbani, nikala naye ugali, nikaamka naye.

Tajiri alikuwa akinipigia simu kila Jumatatu. Neno lake lilikuwa moja tu: huduma binafsi. "Mteja ajione anajulikana, mama. Ukiona mtu amerudi mara ya tatu, usimwache. Mwandikie." Na maneno ya kuandika alikuwa ameshayaandaa: Mteja wetu mpendwa, tumeona unapendezwa na bidhaa hii, tupo hapa kwa ajili yako. Nilikuwa nabonyeza tu, yanakwenda. Wengine walijibu. Wazambia ndio walikuwa wacheshi. Nikiwaandikia *mulishani*, habari zenu kwa Kibemba, wananiambia habari za shamba, za mvua, za mkwe, mwishoni wananiaga bila kununua kitu. Lakini wengi, maneno yale yakiwafikia tu, nukta ilizimika. Walikimbia kama mtu aliyeguswa bega gizani.

Mimi ningepaswa kujua. Sokoni kuna adabu yake, na hakuna aliyenifundisha, niliipata kwa kusimama. Mwanamke akishika kitenge mara ya kwanza, mkaribishe. Akikirudia mara ya pili, msifie. Akikishika mara ya tatu na hasemi kitu, hapo geuka, jishughulishe na mzigo, mwangalie mtu mwingine. Kuna jambo moyoni mwake na kitambaa ni kisingizio. Amefiwa, au anakwenda kwenye harusi ya mke mwenza, au hana uwezo na hataki ulijue hilo. Mwache na kitambaa chake. Ndivyo nilivyouza miaka yote ile, na wateja wangu walirudi. Lakini ukikaa kwenye kiti chenye mgongo na kulipwa kwa kutazama, adabu inakutoka taratibu, wala huisikii ikitoka.

Kisha akaja mgeni wa Tunduma.

Mtambo ule mara nyingi ulikosea, uliwaweka watu wengi wa huku kwetu Dar es Salaam hata kama wako Mbozi. Kwa hiyo nilipoona jina la mji wetu nilisogeza kiti. Alikuwa anaangalia titi la bandia. Ni kitu laini, cha rangi ya mwili, mwanamke aliyekatwa titi anakivaa ndani ya sidiria na nguo ikamkaa sawasawa. Alikaa dakika ishirini na mbili. Kesho yake saa nne asubuhi akarudi, picha ileile. Keshokutwa, vilevile. Saa nne ni saa ambayo watoto wako shule na mama amemaliza kufagia. Nikajua huyu anatoka nyumbani mara moja, anakwenda kukodi kompyuta kwenye intaneti kafe, anarudi kabla hajaulizwa alikuwa wapi.

Siku ya tano nikambonyezea maneno ya tajiri. Nukta ikazimika papo hapo. Siku tatu hakuonekana, na nilijilaumu, nakiri. Siku ya nne akarudi, na safari hii aliandika yeye. Aliandika swali moja: "Mtu akivuta pumzi nyingi ya kuimba, halisogei?"

Nilisoma mara mbili, nikamjua.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwepo mwanamke, sauti ya kwanza ya kwaya yetu ya kanisani. Mumewe dereva wa malori, mtu wa kuonekana wiki moja kwa miezi miwili. Kipindi cha mavuno alikuwa amelazwa Mbeya, akafanyiwa upasuaji, na aliporudi tulikwenda wote kumpa pole. Alituambia ni uvimbe wa mgongoni. Tulimwamini, au tulijifanya kumwamini, maana alikuwa amejifunika khanga mbili na jua lilikuwa linawaka. Tangu hapo hakupanda tena kwenye kwaya. Alikuwa akisema kifua kinabana.

Nilimjibu kwamba halisogei, likivaliwa na sidiria yake. Hakuandika tena. Lakini aliendelea kuja, saa nne kamili, na mimi nikawa namsubiri. Nilimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa, na bado nasema ilikuwa ya kweli. Nikajiambia: huyu anaogopa kuagiza kwa sababu hajui vipimo, hajui mzigo utafikaje bila watu kuuona. Mimi najua yote hayo. Tena ni jirani yangu. Kwa nini nimwandikie kwenye kompyuta kama mtu wa Lubumbashi, wakati naweza kwenda kwa miguu nikampigia hodi? Huduma binafsi ipi inazidi hiyo? Niliona nimepata akili kuliko tajiri mwenyewe.

Nikachapisha karatasi ya vipimo, ile yenye picha, nikaikunja. Mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua kilo mbili za sukari, na karatasi nikaichomeka katikati ya pakiti, ndani ya mfuko wa rambo mweusi. Nilipanga kumkabidhi yeye mkononi, nimkonyeze, nizungumzie mvua, niondoke. Ilikuwa Jumamosi mchana.

Aliyefungua mlango alikuwa mama mkwe wake. Alikuwa amekuja kutoka shambani kwao Mbozi kumsaidia kazi, mama mfupi wa Kinyiha mwenye mikono ya kuchuma kahawa. Nikamwamkia. Akaitikia, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea mfuko.

Na hapo hakuna unachoweza kufanya. Kwetu zawadi ya kumpa mtu pole hapokei mgonjwa. Anapokea mkubwa wa nyumba, naye anaifungua mbele yako, anaitaja, anashukuru. Nimezaliwa katika desturi hiyo. Nimeifanya mara ngapi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kiasi gani hata nikaisahau, sijui. Nilisema, "Mama, acha tu, nitampa mwenyewe," naye akatabasamu kama anayesikia mgeni akijifanya mnyenyekevu.

Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye kochi, khanga begani. Mama mkwe akatoa pakiti ya kwanza, akasema, "Sukari, tunashukuru." Akatoa ya pili. Karatasi ikadondoka, akaiokota, akaikunjua. Kusoma hakujua, lakini picha haihitaji shule. Aliitazama. Akamtazama mkwe wake, kifuani, haraka, akarudisha macho kwenye karatasi. Kisha akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akaiweka mezani chini ya sukari, akasema anakwenda kuchemsha chai.

Tukabaki wawili. Nilisikia mama mkwe akivunja kuni nje.

"Ni wewe," jirani yangu akasema. "Unayeandika kule ni wewe."

"Ni mimi, mdogo wangu. Nilitaka kukusaidia."

"Umejuaje kuwa ni mimi? Sikuandika jina."

Nikamweleza. Nilidhani maelezo yatamtuliza. Nikamwambia kuhusu orodha, kuhusu mji, kuhusu dakika, na kwamba alipouliza habari ya kuimba ndipo nilipomtambua. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono umeshika khanga.

"Umeniona mara ngapi?"

Ningeweza kudanganya. "Mara kumi na moja," nikasema.

Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kile chumba cha kafe kina pazia. Nilikuwa nafunga pazia. Nilikuwa naweka mkono hapa, ndani ya nguo, najipima na ile picha. Kwa hiyo uliniona nikijipima."

"Hapana. Sikukuona wewe. Naona mstari tu, na dakika."

"Ulijua niko pale."

"Nilijua."

"Basi uliniona." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mume wangu hajui, hajarudi tangu nilazwe. Daktari alimwambia kwa simu ni uvimbe, nilimwomba aseme hivyo. Mama ndiyo amejua sasa hivi, mbele yako. Nilitaka nilivae kwanza, akija anikute mzima, nimwambie nikiwa nimekaa sawa. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitafuta. Na pale ndipo mahali pekee nilipokuwa naweza kuangalia bila mtu kuniambia pole."

Nilisema nisamehe. Akasema amenisamehe, kwa namna ambayo mtu anasema ili uondoke. Chai ikaja, na chai ya watu hairudishwi, nikainywa ya moto hadi ikaniunguza ulimi. Mama mkwe alikaa karibu na mkwe wake, karibu kuliko kawaida, akawa ananiongezea sukari tu. Kama mwanawe ataambiwa, na ataambiwa nini, sikuweza kuusoma uso ule.

Nilipoinuka, jirani yangu alinisindikiza hadi nje. Pale mlangoni akanishika mkono.

"Dada, naomba kitu kimoja. Watu wako wa Dar wasijue ni mimi. Mimi nibaki mstari tu, kama ulivyosema."

"Hawatajua," nikamwambia.

Nilikuwa nimeshawaambia. Kwenye orodha ile kulikuwa na nafasi ya jina, ambayo kwa wageni wote ilikuwa tupu, na asubuhi hiyohiyo kabla ya kununua sukari nilikuwa nimeijaza: jina lake, la ukoo wa mumewe, namba ya simu ya mkononi inayotumiwa na wote nyumbani kwao. Niliandika pia, kwa majivuno, nakumbuka, *mteja ametambuliwa, anahitaji kutembelewa*.

Nilipanda ngazi za ofisi jioni ileile, magoti yakilia, nikawasha kompyuta nikafute. Haikukubali. Uwezo wa kufuta alikuwa nao tajiri peke yake. Nikampigia simu, ingawa haikuwa Jumatatu, nikamwomba amwondoe yule wa Tunduma, nimekosea. Alikuwa na furaha. Alikuwa ameshaiona, na alikuwa ameshaandaa ujumbe wa simu kwa ile namba. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nataka kumfuta mteja wa kwanza tuliyefanikiwa kumjua kwa jina.