Oili Iliyogoma Asubuhi ya Harusi

Ni mimi niliyemfanya Kristina, mtoto wa kaka yangu, aende kanisani kwa miguu siku ya harusi yake. Nimekana miezi yote hii, nikimsingizia Mzee Hamisi, mwenye duka la vipuri pale Mbinga.

Kabla ya harusi alinisihi mbele ya wateja, "Mwalimu, irudishe ile oili niliyokuuzia. Kampuni inaikusanya, inaganda kwenye baridi." Nikacheka. Oili ya ng'ambo igande? Nilijua amepata mteja wa bei nzuri huko Mbamba Bay, nikampa mhadhara wa soko huria bila kuombwa.

Asubuhi ya harusi, baridi ya Juni ilikuwa imelala kijijini Litembo na pikapu yangu, ile ya kumpeleka bibi harusi, yenye oili ileile. Wanaume wakaweka makaa chini ya injini, wakapuliza hadi macho yakawatoka machozi. Ikakohoa tu. Kristina akakunja gauni, akashika njia ya vumbi.

Juzi wifi yangu, mama yake, akampigia Mzee Hamisi simu sebuleni kwangu, akaweka spika ili wote tusikie.

"Shikamoo, Mzee. Kwa nini hukumwonya wifi yangu?"

"Marahaba, mwanangu. Yule mwalimu? Nilimbembeleza mpaka wateja wakanicheka. Akaniambia sijasoma uchumi."